Mainoo, Wharton, Lewis-Skelly au Gray: kila mmoja achezeshwe namba gani?

Juni 2024, kule Ujerumani, Gareth Southgate, kocha wa England wakati huo, alianza michuano ya Ulaya akiwa na Trent Alexander-Arnold, beki wa kulia, katikati ya uwanja pembeni ya Declan Rice. Jaribio lilidumu mechi mbili. Baada ya sare na Denmark, kocha mwenyewe alikiri hadharani kwamba England haikuwa imempata mrithi wa kiungo Kalvin Phillips. Mechi ya tatu akaanza Conor Gallagher, akatolewa mapumziko. Aliyeingia alikuwa kijana wa miaka 19, Kobbie Mainoo wa Manchester United, na kuanzia 16 bora mpaka fainali ya Berlin dhidi ya Hispania nafasi ile ikawa yake. Kikosini humohumo alikuwemo kiungo mwingine kijana, Adam Wharton wa Crystal Palace, aliyerudi nyumbani bila kucheza hata dakika moja.

Ubishi ulioanza pale haujaisha, na majina yamezidi. Ameibuka Myles Lewis-Skelly wa Arsenal, aliyelelewa kuwa kiungo lakini dunia ikamjua kama beki wa kushoto. Yupo Archie Gray wa Tottenham, ambaye ukiuliza anacheza namba gani utapewa majibu matatu na yote ni ya kweli. Vijiweni kwetu, kila Jumamosi jioni, kuna mtu anamtaka Mainoo acheze namba sita, yaani kiungo wa chini mbele ya mabeki, mwingine namba nane, kiungo anayepanda kushambulia, na wa tatu anataka auzwe. Haya ni maelezo kwa aliyekwama kati ya hao wanne, awe anatafuta wa kumfuatilia, anabishana kuhusu timu ya taifa, au ana vijana wake anaowafundisha na anataka kujifunza kitu.

Ethan Nwaneri, kijana mwingine wa akademi ya Arsenal, nimemwacha kwa makusudi. Kuanzia Septemba 2022, alipoingia dhidi ya Brentford akiwa na miaka 15 na siku 181, ndiye mchezaji mdogo zaidi kuwahi kucheza Ligi Kuu ya England, na kipaji chake hakina shaka. Ila kazi yake iko karibu na goli la wapinzani, na kumlinganisha na hawa kungewaonea wote watano.

Vigezo vinne

Kabla ya kutaja nani anafaa wapi, tukubaliane tunapima nini. Cha kwanza ni namna mpira unavyomkuta: ameelekea upande gani, nani yuko mgongoni kwake, na akishautuliza anaona nini mbele. Cha pili ni timu inapokuwa haina mpira: eneo kubwa kiasi gani tunaweza kumkabidhi alilinde. Cha tatu ni mwili. Cha nne ni ushahidi, yaani tumemwona akiifanya kazi hiyo katika mechi zenye uzito gani. Hiki cha nne watu hukiruka, wakaishia kusifu matumaini yao badala ya mchezaji.

Hakuna kigezo cha bei humu, wala cha idadi ya wafuasi mitandaoni.

Mpira unapomfikia

Hapa ndipo wanapoachana kabisa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mainoo ni mtu wa msongamano. Anaupokea mpira mkabaji akiwa amemvaa mgongoni, anainamisha bega upande mmoja, anatokea upande mwingine. Hahitaji uwanja, hatua tatu zinamtosha. Lakini akishatoka kwenye ule mtego, mara nyingi anatoa pasi fupi kisha anausogelea tena mchezo, hapigi mpira wa mita arobaini kwenda winga ya mbali. Angalia pia mabao yake makubwa. Lile la dakika ya 97 kwa Wolves, Februari 2024, lililofanya matokeo kuwa 4-3. La kuzungusha dhidi ya Liverpool Aprili mwaka huo. La fainali ya Kombe la FA dhidi ya Manchester City mwezi Mei. La dakika ya 120 dhidi ya Lyon katika Europa Ligi, Aprili 2025, usiku ule wa 5-4 Old Trafford. Yote yalitokea ndani ya boksi au ukingoni mwake. Mchezaji anayefunga mabao ya namna hiyo ukimwamuru asimame mbele ya mabeki dakika 90, umemfungia nje ya chumba anachokijua vizuri.

Wharton ni kinyume chake. Yeye hamtoki mtu kwa chenga, anamtoa kwa pasi, na pasi hiyo aliishaichagua kabla mpira haujamfikia. Mtazame yeye badala ya mpira utaona: shingo inageuka kushoto, kulia, kisha mguu wa kushoto unaupeleka mpira katikati ya mistari miwili ya wapinzani kwa mguso mmoja. Anayekuja kumkaba anakuta ameshachelewa. Ukimbana kutoka nyuma kabla hajatazama, hapo anakuwa wa kawaida. Kwa hiyo anahitaji kusimama chini, uwanja wote ukiwa mbele ya macho yake.

Lewis-Skelly anaupenda mgongano. Wengine wanamkwepa mkabaji, yeye anamkaribisha, anamwekea mwili, kisha anapita naye akiwa bado anamvuta jezi. Arsenal walimwanzisha kushoto, lakini timu ikiwa na mpira anaingia ndani na kuwa kiungo wa pili karibu na mwenzake wa katikati. Utaratibu huu unamnufaisha kwa sababu anaanza akiwa na mstari wa pembeni mgongoni na uwanja wote mbele yake. Hakuna anayemjia kwa nyuma. Katikati halisi ya uwanja wanakujia kutoka pande zote nne. Akademi ya Arsenal ilimlea hukohuko katikati, hivyo si kwamba hapajui, ila wapinzani wa Ligi Kuu si vijana wa umri wake.

Gray ni msafi. Miguso miwili, pasi sahihi, mpira unaendelea. Hana ule mgeuko wa Mainoo wala lile jicho la Wharton, na sioni aibu kulisema kwa sababu alichonacho ni adimu vilevile: halazimishi. Kijana wa umri wake akikosea pasi mbili hutaka kuifuta aibu kwa pasi ya tatu ya hatari. Gray anarudi kwenye ile rahisi.

Timu isipokuwa na mpira

Kuna jambo moja hapa ambalo wengi hawalizungumzi. Mainoo na Wharton wamewahi kuwa kwenye mfumo uleule, 3-4-2-1 (mabeki watatu, wanne katikati, wawili nyuma ya mshambuliaji mmoja), mmoja chini ya Ruben Amorim pale Manchester United na mwingine chini ya Oliver Glasner pale Palace. Mmoja alipotea humo, mwenzake akang'ara. Amorim alisema waziwazi kwamba Mainoo anagombea nafasi na Bruno Fernandes. Wakati mwingine alimpandisha juu kama mmoja wa wale wawili nyuma ya mshambuliaji, na katika msimu wa 2025/26 alimweka benchi. Amorim alipoondoka Januari 2026, kijana akarudi kuanza.

Namba za mfumo zilifanana ila ardhi haikufanana. Palace ya Glasner ilikubali kurudi chini, mabeki watatu wakakaa karibu kabisa na Wharton, na nafasi kati ya mstari na mstari ikawa finyu. Alichotakiwa kulinda ni kipande kidogo. Mpira ukipatikana, wapinzani wamekwisha kupanda, na pasi yake ya mguso mmoja inakuta mbele kuna uwazi. United walitaka kumiliki mpira, mabeki wa pembeni wakapanda sana, na viungo wawili wakabaki na uwanja mpana nyuma ya mabega yao. Kazi hiyo inataka mapafu na kasi. Mainoo anasoma hatari vizuri, anaiba mpira kwa mguu badala ya kujirusha, lakini si mtu wa kukimbizana mita hamsini mara kumi na tano kwa mechi. Kwa mtazamo wangu hilo halikuonyesha udhaifu wa kipaji. Alikuwa amepewa shamba kubwa kuliko jembe lake.

Sasa geuza. Mchukue Wharton, mpeleke klabu inayopandisha mabeki mpaka mstari wa kati na kukaba kwa presha mbele. Mpira mmoja mrefu ukipita, atakimbizana na mtu mwenye kasi zaidi yake. Wanaomwona tayari kwa klabu yoyote kubwa wajiulize kwanza klabu hiyo inakaba wapi.

Lewis-Skelly anashinda mapambano ya ana kwa ana kuliko wote wanne. Tatizo lake ni pale anapoachwa na uwanja mtupu. Januari 2025 alipewa kadi nyekundu kwa Wolves, ikafutwa baada ya rufaa. Februari akapewa nyingine dhidi ya West Ham, akimzuia Mohammed Kudus aliyekuwa akielekea golini peke yake. Hii ya pili ni adhabu ya namba, maana beki akishapitwa nyuma yake amebaki kipa. Kosa lilelile kwa kiungo mwenye mabeki wawili nyuma yake lingekuwa kadi ya njano.

Gray hapa ana hadithi ninayoipenda. Majira ya baridi ya 2024/25 Tottenham walipowakosa Micky van de Ven na Cristian Romero kwa majeraha, yeye, kiungo wa miaka 18, alisimamishwa beki wa kati. Alisoma pasi, akafika mapema, akafunika wenzake. Alipata shida pale mshambuliaji mzito alipomwegemea mgongo. Umri unaweza kuliponya hilo, lakini kwangu ni dalili kwamba beki wa kati lilikuwa jibu la dharura.

Mwili

Hapa sina mengi. Lewis-Skelly ana nguvu za mtu mzima. Gray ni mrefu, ana hatua ndefu, na anafaa zaidi kwa mipira ya juu. Mainoo na Wharton hakuna anayewasifu kwa kasi, na wote wawili wanaficha upungufu huo kwa kufikiri mapema. Wharton alifanyiwa upasuaji wa kinena Novemba 2024 akakaa nje kwa miezi, jambo la kukumbukwa na anayetaka kumpanga kila siku tatu.

Ushahidi

Mainoo amebeba mzigo mzito kuliko wenzake: fainali ya Ulaya na fainali ya Kombe la FA, zote mwaka 2024, akiwa kiungo wa kati. Hakuna haja ya kukisia kama anaweza usiku mkubwa.

Wharton naye ana Wembley yake. Mei 2025 Palace iliifunga Manchester City 1-0 na kutwaa taji kubwa la kwanza katika historia ya klabu, yeye akiwa katikati. Mwaka mmoja na miezi michache kabla ya hapo alikuwa Blackburn, daraja la pili. Kwa nafasi yake, namba sita wa kuchezesha, ushahidi wa klabu upo. Wa timu ya taifa ni mdogo.

Lewis-Skelly ana ushahidi mwingi, ila ni wa beki wa kushoto. Robo fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Real Madrid, Aprili 2025, alicheza kana kwamba ana miaka kumi kwenye kazi hiyo, na bao la tatu la Mikel Merino pale Emirates lilitokana na pasi yake. Mwezi mmoja kabla, katika mechi ya kwanza ya Thomas Tuchel kama kocha wa England, aliifunga Albania dakika ya 20 akiwa na miaka 18 na siku 176, na kuvunja rekodi ya Marcus Rashford ya mchezaji mdogo zaidi kufunga katika mechi yake ya kwanza ya taifa. Kisha msimu wa 2025/26 ukaanza, Riccardo Calafiori, beki mwenzake wa kushoto, akamtangulia. Anayesema kijana huyu atakuwa namba nane mkubwa anaweza kuwa sahihi, lakini hicho anachokitegemea kwa sehemu kubwa ni mechi za akademi.

Ushahidi wa Gray umetawanyika. Msimu wa 2023/24 alicheza karibu kila mechi ya Leeds, beki wa kulia na kiungo, mpaka fainali ya mchujo wa kupanda Ligi Kuu waliyofungwa na Southampton. Leeds ni nyumbani kwao kwa maana kamili: baba yake Andy, babu yake Frank, na Eddie, ndugu wa babu, wote walivaa jezi ile. Tottenham wakamchukua Julai 2024, na msimu wake wa kwanza ukaishia na kombe la Europa Ligi kule Bilbao. Kila kocha anamwamini, na kila kocha anamwamini kwa kazi tofauti.

Kuhamishwa namba si kosa, wala si dawa

England ina kidonda cha zamani kuhusu jambo hili. Euro 2004, Paul Scholes alisukumwa kiungo wa kushoto ili Steven Gerrard na Frank Lampard wakae katikati. Baada ya michuano hiyo akastaafu timu ya taifa, ana miaka 29. Kila kijana wa katikati anapopelekwa pembeni, mimi humkumbuka Scholes.

Lakini haki itendeke. Ashley Cole alikuwa mshambuliaji alipokuwa mtoto Arsenal, akageuzwa beki wa kushoto, na sijui wangapi wamewahi kuicheza namba ile vizuri kuliko yeye. Alexander-Arnold alitoka kiungo kwenye akademi ya Liverpool akawa beki wa kulia aliyebeba Ligi ya Mabingwa. Tofauti yao na Scholes ninaiona hivi: Cole na Trent walihamishwa wakaachwa huko wakue, na namba mpya ikatumia kilekile walichokuwa nacho. Scholes alihamishwa ili mwingine apate nafasi. Kwa Lewis-Skelly na Gray, hilo ndilo swali la kuuliza kila wanapopangwa mahali papya.

Kulingana na hali yako

Kama unabishana kuhusu pacha wa Rice timu ya taifa, anza na mpinzani. Dhidi ya timu inayojaza watu kumi nyuma, Mainoo ana faida, kwa sababu boksi limejaa na yeye anaishi kwenye msongamano. Dhidi ya timu inayokuja kukushambulia, Wharton akisimama chini na Rice akimkimbilia maeneo makubwa, pasi moja inaweza kumaliza kazi. Usisahau kwamba Tuchel, tangu Septemba 2025, amemfungulia mlango Elliot Anderson, kiungo aliyekuwa Nottingham Forest wakati huo, na hao wote wanagombea kiti chenye mwenyewe.

Kama klabu yako inacheza na viungo watatu, namba nane ya kushoto inamfaa Mainoo kuliko kiti kingine chochote, mradi nyuma yake awepo mkabaji wa kweli. Kama inakaa chini na kushambulia kwa kushtukiza, Wharton. Kama inamiliki mpira na inataka beki anayegeuka kiungo, Lewis-Skelly, lakini mpeni beki wa kati wa kushoto mwenye kasi awe anamfunika. Kama ina kikosi chembamba na mechi za Ulaya katikati ya wiki, Gray atakuokoa mara nyingi kuliko utakavyohesabu.

Kwa mchezaji wa Fantasy, ule mchezo wa mtandaoni wa kuchagua wachezaji na kukusanya pointi zao, mambo ni mengine kabisa. Viungo wa chini hawana pointi nyingi hata wakiwa bora uwanjani. Lewis-Skelly akihesabiwa beki anapata pointi nne timu yake isiporuhusu bao, na kiungo anapata moja. Faida hiyo ina maana pale tu anapoanza, kwa hiyo subiri orodha ya kikosi.

Kama unafundisha vijana na una kiungo mzuri ambaye timu inamhitaji beki wa pembeni, nakusihi mpange huko kwa mechi lakini mazoezini mrudishe katikati angalau nusu ya wiki, ili macho yake yasisahau kutazama nyuma ya bega. Na mwambie mwenyewe kwa nini amehamishwa na ni mpaka lini.

Na kama unachotaka ni kijana mmoja wa kumfuatilia kwa miaka, uamuzi unategemea unapenda kuona nini. Ukitaka aliyekwisha kamilika kwa sehemu kubwa, fuata Wharton, na ukitaka usiku wa mabao ya dakika za mwisho, fuata Mainoo. Lewis-Skelly ana njia mbili mbele yake na zote zinaweza kufika mbali. Mimi macho yangu yapo kwa Gray. Siku atakapopangwa namba sita mechi kumi mfululizo, hesabu ni mara ngapi anageuka na mpira kwenda mbele badala ya kuurudisha kwa beki. Ikiwa idadi inapanda mechi kwa mechi, namba yake itakuwa imepatikana.